Nishati mwendo: ile nusu na ile v mraba zimetoka wapi, na kwanini umeme nao una mraba wake

Fomula ya nishati mwendo ni Ek = ½mv². m ni tungamo kwa kilo, v ni spidi kwa mita kwa sekunde, jibu linatoka kwa juli, na wengi waliopita darasa la fizikia wanaikumbuka hata kama mengine yote yameshafutika kichwani. Ila muulize mtu hiyo nusu imetoka wapi, au kwanini spidi ipigwe mraba alafu tungamo iachwe kama ilivyo, atakwambia ndo ilivyo bwana, kariri tu. Wakati inatoka kwenye vifomula viwili ambavyo ameshavisoma kabla, F = ma na W = Fd.

F = ma inasema kani ni tungamo mara mchapuko, na mchapuko ni spidi inabadilika kiasi gani kila sekunde (Newton mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1687 hakuiandika kwa herufi hizi, alieleza kwa maneno). W = Fd inasema kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kwenye mstari wa hiyo kani. Ukisukuma ukuta mpaka jasho likutoke na ukuta haujasogea, d ni sifuri, so kazi uliyoufanyia ukuta ni sifuri pia. Umechoka kweli, misuli imetumia nishati, lakini imeishia mwilini mwako kama joto, ukuta haujapata kitu.

Sasa chukua gari la kilo 1000 linaenda mita 10 kwa sekunde, hiyo ni km 36 kwa saa. Dereva anakanyaga breki, na tuseme breki zinatoa kani ya nyutoni 5000 mwanzo mpaka mwisho. 5000 gawanya kwa 1000 ni 5, maana yake kila sekunde spidi inapungua kwa mita 5 kwa sekunde, kwahiyo baada ya sekunde 2 gari limesimama. Kwenye hizo sekunde 2 spidi imeshuka kutoka 10 mpaka 0, wastani wake ni 5, limetembea 5 mara 2 = mita 10. Rudia hesabu gari likiwa mita 20 kwa sekunde, breki zilezile. Litasimama kwa sekunde 4, wastani wa spidi ni 10, umbali mita 40.

Hapo ndo pa kutulia kidogo. Spidi imeongezeka mara mbili tu, lakini umbali umeongezeka mara nne, kwasababu spidi imeingia kwenye hesabu kwa milango miwili, imeongeza muda wa kusimama mara mbili na pia imeongeza wastani wa spidi mara mbili, na umbali ni hivyo viwili vikizidishwa. Huo ndo mraba. Ile nusu ni wastani, kati ya v na sifuri unapata nusu ya v. Na tungamo imeingia mara moja tu, kule kwenye F = ma, ndo maana haina mraba. Nishati yote ya gari inaisha kwenye kazi ya breki, so viwili hivi lazima vilingane. Kazi ya breki ni 5000 × 10 = juli 50,000 mara ya kwanza na 5000 × 40 = juli 200,000 mara ya pili, weka kwenye ½mv² uone kama hazitoki zilezile.

Usijione mjinga kama hili lilikuwa linakusumbua, wakubwa walilibishania miaka na miaka. Mjerumani Leibniz alishikilia v mraba, wafuasi wa Mfaransa Descartes wakashikilia v peke yake. Miaka ya 1720 Mholanzi Willem 's Gravesande akawa anadondosha mipira kwenye udongo laini na kupima shimo, na shimo likafuata mraba wa spidi. Émilie du Châtelet wa Ufaransa akalitetea hilo kwenye kitabu chake cha 1740. Waliokuwa wanang'ang'ania mv nao hawakuwa wanaota, hiyo ni momenta na ina kazi zake, ila ni kitu kingine.

Pawa ni rahisi, P = W/t, juli ngapi kila sekunde, na juli moja kwa sekunde ni wati moja. Birika la wati 2000 likipewa lita moja ya maji (kilo 1) liipashe kutoka nyuzi 20 mpaka 100, linahitaji 4200 × 1 × 80 = juli 336,000 (4200 ni juli za kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja), ukigawa kwa 2000 ni sekunde 168. Sasa rudi kwenye lile gari, kwa spidi ya km 72 kwa saa lilikuwa na juli 200,000 tu. Yaani tani nzima ya chuma barabarani ina nishati ndogo kuliko ya kuchemsha lita moja ya maji! Mimi hii huwa naiona ndo hesabu tamu kuliko zote za level hii. Na yuniti ya umeme, kilowati-saa, ni wati 1000 kwa sekunde 3600, juli 3,600,000, hiyo ni nishati sio pawa, watu wanachanganya sana hapa.

Ukija kwenye umeme P = VI (V ni volti, I ni mkondo kwa ampia) inaonekana kama kitu kipya lakini sio. Volti ni juli kwa kila kulombu ya chaji, ampia ni kulombu kwa kila sekunde, zidisha, kulombu zinakatana, umebaki na juli kwa sekunde. Wati zilezile. Alafu ongeza V = IR ya Ohm, ambapo R ni ukinzani, unapata P = I²R, na mraba umerudi tena kwa staili ileile: mkondo ukiwa mara mbili, chaji zinazopita kila sekunde ni mara mbili, na kila chaji inapoteza volti mara mbili njiani.

Ndo maana umeme wa mbali unasafirishwa kwa volti kubwa. Tuma wati 100,000 kwenye waya wenye omu 1. Kwa volti 1000 mkondo ni ampia 100, waya unakula 100 × 100 × 1 = wati 10,000. Kwa volti 10,000 mkondo ni ampia 10, waya unakula wati 100 tu.

Hapa kuna mtego, na ile pembetatu ya kukariri V, I na R haikuokoi, mimi siipendi kabisa. Mwanafunzi anachukua P = V²/R (ni P = VI ileile, I imebadilishwa kuwa V/R), anaweka volti 10,000 na omu 1, anapata wati milioni 100 zimepotea kwenye waya, wakati zilizotumwa ni laki moja! V ya kwenye hiyo fomula ni ile iliyopotea kwenye waya wenyewe, ampia 10 × omu 1 = volti 10, na mraba wake gawanya kwa 1 ni wati 100. Zile volti 9,990 nyingine zipo upande wa pili kwa mtumiaji.