Lubumbashi–Kinshasa: saa moja kwenda, tatu kurudi?

Ujumbe huu haufi katika makundi ya simu: eti ndege ikitoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwenda N'djili, ule wa Kinshasa, inatumia saa moja na kitu, lakini kurudi inatumia zaidi ya tatu, kwa sababu dunia inazunguka ikiikaribisha Kinshasa.

Tuchukue tikiti mkononi. Kuondoka Lubumbashi saa nne asubuhi, kufika Kinshasa saa tano na dakika 20. Inaonekana saa moja na dakika 20, kumbe ni mbili na dakika 20: kila saa kwenye tikiti ni ya mji wake, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukirudi, saa hiyo inajiongeza upande wa pili. Ongeza moja unapokwenda, toa moja unaporudi, hesabu zinalingana.

Dunia inazunguka, kweli, ila inazunguka na hewa yake, na ndege imo humo. Upepo hubadilisha dakika tu. Umbali ni uleule, zaidi ya kilomita 1,500.

Kuchanganyikiwa si ajabu, nchi ni moja na saa ni mbili! Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiutume mbele. Kuna watu wanapanga kupokelewa uwanjani kwa hesabu hiyo.