Kuongeza rangi hakugeuzi zege kuwa jiwe

Kila anayetaka zege la mfano wa mawe anakuja na maneno yaleyale, "fundi we ongeza rangi tu mpaka ifanane na jiwe," na nimechoka kuyasikia maana ndo yanaharibu kazi nyingi. Rangi ukiizidisha hupati jiwe, unapata zege lenye rangi kali basi.

Liangalie jiwe la kweli kwa karibu, lolote lile. Graniti imejaa chembe nyeusi, nyeupe na za kijivu zimechanganyikana, jiwe la mchanga lina matabaka, moja limeiva na la pili limepauka, sleti ni ya kijivu lakini humohumo unakuta kutu na ukijani. Hakuna rangi moja. Sasa wewe unataka uwanja mzima uwe kahawia sawasawa kutoka kona hadi kona, jicho litadanganyika vipi?

Alafu kuna kikomo. Rangi ya unga haitakiwi kuvuka asilimia 10 ya uzito wa saruji, yaani kilo 5 kwa mfuko wa kilo 50, na kabla hata hujafika hapo inaacha kukolea, unachoongeza ni unga laini unaonyonya maji, zege linakuwa zito, mtu anaona tabu kumwaga anaongeza maji, na hayo maji ndo yanadhoofisha zege na kuipausha ileile rangi uliyoinunua! Na chagua oksidi ya chuma, nyekundu, njano, kahawia au nyeusi, hizo jua haliziwezi. Nyeusi ya kaboni inavutia siku ya kwanza tu, chembe zake ni ndogo mno, mvua inazitoa juu kidogo kidogo.

Kinacholeta jiwe ni umbo kwanza, rangi baadaye tena kwa tabaka. Mipira ya stempu, ile yenye mchoro wa jiwe ya kugandamiza kwenye zege bichi, igongwe maji ya juu yakishakauka na kidole ukikibonyeza kinaacha alama ya kama nusu sentimita bila zege kunata. Mapema mno mchoro unazama, ukichelewa haushiki kabisa. Mpira uleule uugeuze kila mara, la sivyo jiwe lenye kovu lilelile litajirudia kila hatua mbili na hapo hata mtoto anajua ni stempu. Kesho yake pitia kingo na patasi ndogo, vunja vunja kidogo, jiwe halina ukingo ulionyooka kama rula, na vile vivuli vya kwenye mikwaruzo ndo vinafanya kazi kubwa kuliko rangi yoyote.

Rangi sasa. Mi naanza na ya chini iliyo nyepesi kuliko anayoitaka mteja, halafu ile poda ya kuzuia stempu isinate naichukua nyeusi zaidi, nikiosha inabaki kwenye mabonde na kutoka kwenye vilima. Baada ya hapo sponji na rangi iliyozimuliwa sana, jiwe hili kidogo, lile liache, la tatu rudia mara mbili. Mteja akikuona hapo anadhani unachafua kazi, ngoja ikauke.

Mengine nayasema haraka. Eti steini ya asidi, ile dawa ya maji ya kulitia zege rangi, inaficha madoa: haifichi chochote, ile haikai juu kama rangi ya ukuta, inafanya kazi na chokaa iliyomo ndani ya zege na inaonyesha kila kilichopo chini, doa la mafuta litaonekana vizuri zaidi, na zege lililopakwa rangi au sila, yaani lile koti la kulinda la juu, haiingii hata tone.

Eti sila nzito inang'arisha na kulinda zaidi. Hapana! Inafungia unyevu ndani, inafanya weupe, na ikilowa watu wanateleza. Paka koti mbili nyembamba, zege likishakomaa na kukauka, na kama unataka jiwe chukua isiyong'aa. Mng'ao wa plastiki unaua kazi yote ya sponji, hilo siachi kulisema.

Eti kulifunika zege jipya na nailoni ndo kulitunza. Zege la kawaida sawa, la rangi usithubutu, kila mkunjo wa nailoni utabaki kama doa.

Na eti likitengenezwa vizuri halipasuki. Zege likikauka linasinyaa, litapasuka tu, swali ni wapi. Bamba la sentimita 10 linahitaji jointi, yaani mkato wa makusudi ili ufa ufuate hapo, kila mita 2.5 hadi 3, kina chake robo ya unene. Wengi wanapanga mawe kwanza afu wanakuja kukata jointi katikati ya jiwe, inakera macho mpaka basi. Mi nachora mistari ya jointi kwanza, halafu ndo napanga mawe yaifuate.