Je, wajua kwa nini samaki wakorofi wawili huuana, lakini ishirini huishi pamoja?

Mtu anayeanza kufuga samaki wa mapambo Dodoma huambiwa dukani, "Chukua wawili tu bosi, dume na jike, wanatosha." Kwa samaki wengine ushauri huo hauna neno. Kwa mbuna, wale samaki wadogo wa rangi kali wanaoishi kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, ni kumhukumu jike kifo. Baada ya siku chache utamkuta kajibanza kona ya juu nyuma ya hita, mapezi yamechanika, mkia umebaki nusu, anahema haraka haraka. Dume anazunguka chini yake, rangi imekolea, mapezi kayatandaza. Lakini weka mbuna ishirini katika tangi la ukubwa unaostahili na huenda mwaka ukapita bila kuokota maiti.

Inaonekana kinyume na akili. Tumezoea kuamini kuwa msongamano huleta ugomvi, na waliopanda daladala saa kumi na mbili jioni watathibitisha.

Tuanze na kinachogombewa. Mbuna ni wa ukoo wa Cichlidae, ukoo uleule wa perege na sato. Perege dume huchimba shimo kwenye tope la maji mafupi na kulilinda ili majike waje kutaga hapo. Mbuna dume hana tope, ana jiwe. Juu ya jiwe kuna mwani anaoukwangua siku nzima, chini yake kuna upenyo wa kujificha, na mbele yake ndipo jike atataga mayai kisha kuyaokota na kuyaatamia mdomoni kwa wiki tatu hivi. Chakula, nyumba na ndoa vyote viko mahali pamoja, na eneo lenyewe halizidi sana upana wa meza ya kulia. Ndiyo maana hataki masihara nalo.

Ziwani ugomvi huo huisha haraka. Anayeshindwa hukimbia mita moja au mbili, anakuwa nje ya mpaka, na mwenye eneo anarudi kula. Kwenye tangi aliyeshindwa hugonga kioo. Hana pa kwenda, na mshindi anaendelea kumwona ndani ya himaya yake. Kwa hesabu za mshindi, mvamizi bado hajaondoka, kwa hiyo kipigo kinaendelea hadi mmoja afe.

Sasa ongeza idadi. Mwaka 1964 mwanabiolojia wa Marekani, Jerram Brown, alieleza kwamba mnyama hulinda eneo pale tu faida ya kulilinda inapozidi gharama yake. Kumfukuza mpinzani mmoja ni kazi rahisi. Wakiwa ishirini, kila mbabe anapomkimbiza mmoja, wengine watatu wanaingia nyuma yake na kukwangua jiwe lake. Akigeuka kuwafukuza hao, yule wa kwanza amesharudi. Nguvu inaisha bure, eneo linasinyaa hadi kuwa kijipango kidogo chini ya jiwe, na pengine analiacha kabisa. La maana zaidi, kipigo kinagawanyika. Kila samaki anaguswa kidogo, hakuna anayeonewa peke yake kutwa nzima.

Jambo la pili ni kwamba samaki hawa wanafahamiana. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walifanya jaribio na Astatotilapia burtoni, samaki wa ukoo huohuo kutoka Ziwa Tanganyika. Dume mmoja aliwekwa atazame wenzake watano wakipigana wawili wawili: wa kwanza anampiga wa pili, wa pili anampiga wa tatu, na kuendelea hadi wa mwisho. Kisha akawekwa katikati ya wa pili na wa nne, ambao hakuwahi kuwaona wakikutana. Alimsogelea wa nne, yule dhaifu. Kwa kutazama tu alikuwa ameshapanga nani ni nani. Kundi lenye kumbukumbu ya namna hiyo halihitaji kupigana kila asubuhi. Kutandaza pezi na kukoleza rangi kunatosha kumkumbusha mwenzako nafasi yake.

Hapo unaelewa kwa nini samaki mgeni huchezea kichapo. Hana nafasi, kila mmoja anataka kumpima. Wanunue wote kwa pamoja wakiwa wadogo, waingie siku moja. Ukilazimika kuongeza baadaye, zima taa na upange mawe upya kwanza, ili hata wenyeji waanze kutafuta mipaka pamoja na wageni.

Kuhusu nani akae na nani, kanuni ni moja: dume humchukia zaidi anayefanana naye, kwa sababu huyo ndiye anayetaka jiwe lile na majike wale. Bluu mwenye milia humvamia bluu mwenzake mwenye milia, hata kama ni wa jamii nyingine. Changanya maumbo na rangi zilizo mbali. Kwa tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45, ambalo likijaa ni lita 243, mimi ningeweka Pseudotropheus demasoni (siku hizi huitwa Chindongo demasoni) kumi na wawili, Labidochromis caeruleus wa manjano sita, na Iodotropheus sprengerae wa zambarau iliyopauka sita. Hao wawili wa mwisho ni wapole kwa viwango vya mbuna, ila katika kila jamii madume wawe wachache kuliko majike. Demasoni ndiye mwenye visa, na ndiye ninayempenda: hafiki sentimita 10, alipewa jina la kisayansi mwaka 1994, na kwao ni miamba ya Pombo, upande wa Tanzania wa Ziwa Nyasa. Ukimweka na wenzake wanne tu, watabaki wawili, au mmoja. Melanochromis auratus, mbuna mkorofi kupindukia, mwache dukani hata akupendeze vipi.

Usichanganye ugomvi na njaa. Oscar, samaki wa Amazon anayevuka sentimita 30, si mkorofi kihivyo. Anameza tu chochote kinachoenea mdomoni. Hapo wingi hausaidii, unamwongezea mlo. Hata Nyasa kwenyewe yupo Nimbochromis livingstonii, anayelala ubavu mchangani kama mzoga ili vidagaa wasogee kumdonoa, kisha anawala. Na chakula chao hakifanani: mbuna ana utumbo mrefu wa mla mwani, ukimlisha minofu kila siku tumbo linavimba na anakufa.

Wakazi wa Dodoma wana bahati ambayo wengi hawaijui. Maji ya visima virefu, kama yale ya Mzakwe katika bonde la Makutupora, ni magumu. Ndiyo yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika na kuifanya sabuni igome kutoa povu. Mbuna na samaki wa Tanganyika wameumbwa kwa maji magumu yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya kuanzia 7.7 hivi kwenda juu. Mawe nayo yapo tele vilimani. Graniti yetu haibadilishi maji. Mawe yapange juu ya kioo chenyewe kabla ya kumwaga mchanga, maana wakichimba chini yake yataporomoka. Hita nunua, kwa sababu usiku wa Juni na Julai hapa joto hushuka chini ya nyuzi 15 na hawa wanataka 24 hadi 28.

Gharama ya kuwarundika ni uchafu, hasa amonia inayotokana na taka za samaki. Katika maji ya pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo huwa katika hali yake ya sumu kali. Kwa pH 8.5 hufika asilimia 15 hivi. Maji yaleyale yanayowafaa mbuna huwaua haraka zaidi filta ikizidiwa. Nunua filta ya tangi kubwa mara mbili ya lako, iache ifanye kazi mwezi mzima hadi mwezi na nusu kabla ya samaki wote kuingia, ukitia chakula kidogo kikaoze humo ili bakteria wanaokula amonia wapate ya kuzaliania. Badilisha theluthi ya maji kila wiki. Pampu ya hewa ya betri iwe tayari, umeme ukikatika ishirini hao watamaliza oksijeni upesi.

Na ikitokea mbabe mmoja akawashinda wote? Usimtoe anayeonewa, mtoe yeye. Mweke kwenye ndoo yenye hewa na maji ya joto kwa siku tatu nne, wenzake wagawane jiwe lake, kisha mrudishe taa zikiwa zimezimwa. Safari hii yeye ndiye mgeni.