Je, bapa pana zaidi ndilo bora kwa barabara ya udongo?

Wengi huamini kwamba kadiri bapa la chuma linalofungwa nyuma ya trekta linavyokuwa pana, ndivyo barabara ya udongo inavyosawazishwa upesi na vizuri zaidi. Juu ya mchanga uliolegea, imani hiyo haiko mbali na ukweli. Penye udongo ulioshindiliwa, hata hivyo, uzito uleule ukitandazwa kwenye makali marefu hupunguza mgandamizo wa kila sentimita, hivyo bapa huteleza juu ya matuta badala ya kuyakata. Na likifaulu kuzama, trekta nyepesi huzungusha matairi pale pale au huvutwa upande.

Wembamba nao una mpaka wake, kwa kuwa bapa kwa kawaida hufanya kazi likiwa limekaa mshazari: lenye upana wa mita 1.8, likigeuzwa nyuzi 30, hukwangua takriban mita 1.56 tu. Kuhakiki ni rahisi. Pima kwa tepu umbali kati ya kingo za nje za matairi ya nyuma, geuza bapa, kisha pima upana uliobaki. Ukipungua ule wa matairi, alama za matairi zitabaki pembeni bila kusawazishwa. Uzito wa trekta, ambao wanunuzi wengi hawauulizii, husomwa kwenye kitabu chake cha maelekezo.