Napenda, ningependa, afadhali: tunapojikwaa kwa Kiingereza

Vijana wa Moshi wanaojiandaa kuwa waongoza watalii wana Kiingereza kizuri tu, ila "kupenda" huwaangusha. Kiswahili kimekitwika kitenzi hiki kimoja kila mzigo. Kiingereza kimeugawa.

Wengi huamini "Do you like coffee?" ni kumkaribisha mgeni kahawa. Sivyo. Umemuuliza kama kahawa ni kitu akipendacho siku zote. Anaweza kukujibu "Yes, I love it", akatabasamu, akaendelea kuutazama mlima, nawe umesimama na birika. Kukaribisha ni "Would you like some coffee?" Hiyo "would" ndiyo "-nge-" yetu: napenda, ningependa. Tofauti tunayo nyumbani, tunaiacha mlangoni.

Dhana sugu kuliko zote ni kwamba "prefer" hufuatwa na "than". Mchawi ni "kuliko". Tukizitaja njia mbili za kupanda Kilimanjaro tunasema "napendelea Marangu kuliko Machame", basi "kuliko" inageuka "than" papo hapo. Lakini "prefer" inataka "to": "I prefer Marangu to Machame." (Kama hupendi kulala kwenye hema hutakosea, maana njia ya Marangu ndiyo yenye vibanda.) Wala usiichomeke "more", kwa kuwa "zaidi" imo tayari ndani ya "prefer". "Than" nayo ina kwao, penye "rather", ambayo ni "afadhali" yetu: "I'd rather walk than wait." Angalia pia kwamba "walk" haikutanguliwa na "to".

Wapo wanaosema "want" ni utovu wa adabu. Si tusi. Ni kama "nataka soda" na "naomba soda", inategemea unaongea na nani. Na "I enjoy to climb" iacheni jamani: ni "I enjoy climbing", basi.

Halafu kuna "mind". Tunadhani ukiulizwa "Do you mind if I sit here?" unakubali kwa "yes". Kumbe swali ni kama utakereka, kwa hiyo "yes" ni kumfukuza mtu. Mimi yalinikuta kwenye Coaster ya Arusha. Mama mmoja wa Kizungu aliniuliza hivyo, nami nikamjibu "Yes, yes!" kwa bashasha zote, badala ya "No, not at all." Alisimama hadi Bomang'ombe, kiti kitupu, begi langu limekikalia.