Maikronidlingi ni nini? Sindano fupi, makovu ya chunusi na rola za sokoni Lubumbashi

Maikronidlingi ni kuitoboa ngozi kwa makusudi, kwa sindano nyembamba na fupi sana, ili mwili ushtuke na kuanza kujitengeneza. Hakuna dawa ya siri ndani yake. Kinachofanya kazi ni kidonda chenyewe, au tuseme mamia ya vidonda, kila kimoja kidogo kiasi kwamba mdomo wake hujifunga muda mfupi baadaye. Wanaoitangaza Lubumbashi, kwenye saluni na kwenye video za simu, hupenda kuiita kusafisha uso au kurudisha ujana wa ngozi. Hapo ndipo mteja anapoanza kupotea njia, maana haisafishi chochote.

Ngozi ya uso ina tabaka la juu ambalo unene wake ni karibu sehemu ya kumi ya milimita. Chini yake kuna tabaka nene zaidi, lenye mishipa ya damu na nyuzi za kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara. Chunusi kubwa ikiivia ndani, huharibu kolajeni ya mahali pale. Usaha ukiisha, pengo linabaki na ngozi ya juu inazama ndani yake. Hilo ndilo kovu la shimo. Sindano ikilifikia tabaka hilo la chini, damu kidogo huvuja, chembe sahani, zile chembe za damu zinazoigandisha, hutoa kemikali za kuita msaada, na seli zinazotengeneza kolajeni huingia kazini. Kolajeni ya kwanza huwa laini. Iliyo imara huichukulia nafasi polepole, kwa miezi. Ndiyo maana madaktari huhesabu matokeo baada ya miezi 3 hadi 6.

Basi ukimwona mtu amepiga picha kesho yake, uso umejaa na mashimo hayaonekani, usikimbilie kutoa pesa. Huo ni uvimbe. Sindano zimemvimbisha, mashimo yameinuka kwa muda, na baada ya siku chache yatarudi pale pale yalipokuwa. Biashara nyingi ya picha za kabla na baada imesimama juu ya uvimbe huo.

Njia yenyewe si ya jana. Mwaka 1995 Norman na David Orentreich, madaktari wa ngozi wa Marekani, walieleza jinsi ya kupitisha sindano chini ya kovu ili kukata nyuzi zinazolivuta chini. Mwaka 1997 André Camirand na Jocelyn Doucet wa Kanada waliandika kwamba mashine ya kuchora tatuu, ikipitishwa juu ya kovu bila wino, hulilainisha. Karibu na miaka hiyo Desmond Fernandes, daktari wa upasuaji wa Cape Town, akatengeneza kirola chenye sindano na kuitangaza mbinu hii duniani. Kwa hiyo jambo ambalo wengi wetu tunalidhania limetoka Korea au Dubai lina mzizi mmoja mnene hapa hapa kusini mwa Afrika. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa cha kwanza cha aina hii kwa makovu ya chunusi usoni, kwa watu wa kuanzia miaka 22.

Wazee wa Katanga hawatashangazwa na wazo la kutoboa ngozi kwa ajili ya urembo, chale walizijua. Tofauti ni kwamba mchanja chale alitaka alama ibaki, akasugua majivu au dawa ndani ya jeraha ili linyanyuke na kukaa. Maikronidlingi inataka kinyume chake: tundu lijifunge bila kuachiwa kitu ndani. Shikilia hilo la kuachiwa kitu ndani, tutalirudia kwenye habari ya mafuta.

Vifaa ni viwili. Kimoja ni rola, kigurudumu kidogo chenye mpini, mara nyingi kikiwa na sindano 192 zilizopangwa kwa safu. Kingine ni kalamu ya umeme, ambayo kichwa chake huwa na sindano chache, 12 au 36 kwa mfano, zinazopanda na kushuka kwa kasi zikiingia wima. Kichwa hicho hutumika kwa mtu mmoja, mara moja, kisha hutupwa. Rola nayo, kwa kuwa inaviringika, sindano zake huingia kwa kuinama na kutoka kwa kuinama, kwa hiyo huchana kidogo badala ya kutoboa tu.

Rola ndizo zinazofika sokoni, pamoja na shehena nyingine za urembo zinazopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ukiikuta pale soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, utaambiwa, "Tantine, hii inamaliza makovu yote, unapitisha tu usiku." Mwombe muuzaji aitoe kwenye kiboksi uitazame kwa karibu. Rola nyingi za bei rahisi hazina sindano kabisa: ni visahani vyembamba vya bati vilivyokatwa meno na kupangwa kimoja kando ya kingine. Jino la namna hiyo ni bapa, linakata. Likipinda ncha kidogo tu, kila mzunguko unachora mkwaruzo ambao wewe mwenyewe hutauona mpaka ugeuke doa jeusi. Urefu ulioandikwa kwenye kiboksi nao ni neno la aliyekichapisha kiboksi.

Urefu ndio kila kitu. Sindano ya milimita 0.2 au 0.3 haivuki sana tabaka la juu. Inafungua vijitundu ambavyo krimu hupenya kwa urahisi, basi. Haitajenga kolajeni ya kujaza shimo la chunusi, hata ukiipitisha kila usiku kwa mwaka mzima. Kwa makovu daktari hutumia milimita 1.5 hadi 2, wakati mwingine zaidi, akipunguza kwenye paji la uso na karibu na macho ambako ngozi imelala juu ya mfupa. Urefu huo unatoa damu, unahitaji krimu ya ganzi, na si kazi ya kufanyia chumbani mbele ya kioo. Kwa maoni yangu rola ya nyumbani imekaa mahali pabaya: ile fupi haina faida kubwa, ile ndefu ina hatari kubwa, na zote mbili zinauzwa kwa maneno yale yale.

Sasa mafuta. Watu wengi wanaotafuta huduma hii mjini kwetu tayari wanajipaka mafuta ya kung'arisha, na baadhi ya hayo yana haidrokwinoni, ile kemikali inayofifisha rangi ya ngozi, dawa kali za steroidi kama klobetasoli, au hata zebaki. Steroidi iliyopakwa kwa miezi hukondesha ngozi na kuchelewesha kidonda kupona, yaani inapinga kazi ile ile unayoilipia. Na ukipaka mafuta hayo juu ya uso uliotobolewa muda huo huo, umeyapitisha mlango ambao ngozi huufunga kwa sababu maalumu. Hata vitu vinavyosifiwa havikutengenezwa vyote kwa kuingia huko: mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza habari za wanawake waliopata vinundu vigumu usoni baada ya kutobolewa na kupakwa seramu ya vitamini C. Seramu ile ilikuwa ya kupaka juu ya ngozi; ilipoingia ndani, mwili uliipokea kama mgeni. Limau, asali, vitunguu na mengineyo ya kwenye video sitaki hata kuyazungumzia.

Halafu kuna damu. Mwaka 2024 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha uchunguzi wa spa moja ya jimbo la New Mexico iliyokuwa ikifanya uso wa damu, ule ambao mteja hutolewa damu yake, ikachujwa, kisha ikarudishwa usoni kwa sindano ndogo. Wanawake wasio na njia nyingine ya wazi ya kuambukizwa walipata virusi vya Ukimwi. Wakaguzi walikuta vichupa vya damu visivyo na jina juu ya meza ya jikoni, vingine ndani ya friji pamoja na chakula, na hakukuwa na otoklavu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Spa hiyo haikuwa na leseni. Virusi vya homa ya ini B ni sugu zaidi: vinaweza kubaki hai kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi.

Kwa hiyo kupangusa rola kwa alkoholi na kumpitishia mteja anayefuata si usafi, hata kama alkoholi inanukia chumba kizima. Chuma kinachorudiwa lazima kipite kwenye otoklavu, mvuke wa nyuzi 121 chini ya shinikizo kwa dakika 15 au zaidi, na rola ya plastiki haikutengenezwa kuvumilia hilo. Hapo hata umeme unaingia kwenye hesabu. Mahali ambapo moto unakatika mchana kutwa na jenereta inawashwa kwa ajili ya mashine za nywele tu, uliza vyombo vinatakaswa wapi na saa ngapi. Njia fupi ya kukata maneno ni kichwa cha sindano kipya, kilichofungwa kwenye pakiti, kifunguliwe ukiona na kitupwe ukiona. Anayekasirika kuulizwa hivyo, mwachie uso wake mwenyewe.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi maikronidlingi ina sifa ya kweli. Leza nyingi hufanya kazi kwa joto, na joto huzichokoza seli za rangi. Sindano haiunguzi wala haiondoi tabaka la juu, kwa hiyo uwezekano wa kubaki na madoa meusi ni mdogo zaidi. Mdogo, lakini upo, hasa sindano zikizama kupita kiasi au ukitoka juani. Jua la hapa, mji ukiwa juu ya mita 1,200 toka usawa wa bahari, halina huruma hata Juni asubuhi unapotetemeka kwa baridi. Krimu ya kukinga jua ni sehemu ya huduma. Kuna mtego mwingine ambao hausemwi sana. Vitabu vinamwambia mtoa huduma asimame uso ukiwa mwekundu. Uso mweusi hauonyeshi wekundu huo vizuri, na aliyejifunza kwa picha za Wazungu huendelea kusukuma akidhani bado.

Mwenye mwili wa keloidi asiguse. Kama tundu la hereni lilivimba na kuota nyama, au kovu la upasuaji limepanda na kupanuka nje ya mstari wake, uso wako unaweza kujibu vivyo hivyo. Chunusi mbichi, vidonda vya malengelenge mdomoni na ukurutu navyo vinasubiri kwanza, kwa kuwa sindano huvitawanya. Mjamzito, mwenye kisukari kisichotulia au anayekunywa dawa za kuyeyusha damu amwone daktari kabla ya saluni.

Kabla ya yote hayo, hakikisha una kovu. Wengi wana madoa. Zima taa ya juu, kaa mbele ya kioo na umulike shavu kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Penye shimo utaona kivuli kidogo. Penye doa rangi ni nyeusi lakini uso ni sawasawa, na kidole hakihisi kitu. Doa la chunusi mara nyingi hufifia lenyewe kwa miezi ukilikinga na jua na ukaacha kulibinya. Kulitoboa ni kulihatarisha liwe jeusi zaidi.

Kovu la kweli linahitaji vikao 3 hadi 6, wiki 4 au zaidi kati ya kimoja na kingine, na mwisho wake ni mashimo yaliyopungua kina, si uso wa mtoto mchanga. Mashimo mapana yenye kingo za mteremko huitika vizuri. Yale membamba na marefu, kama yaliyochomwa kwa msumari, karibu hayaitiki; kwa hayo daktari wa ngozi hudondoshea asidi kali ndani ya kila shimo peke yake, au hulikata na kulishona uzi mmoja.