Risha nene si lazima itoe sauti kali

Wanaoanza gitaa huambiwa kwamba risha nene, yaani kile kipande cha kupigia nyuzi, ndiyo yenye sauti kali, na nyembamba ni ya sauti laini. Mara nyingi ni kinyume chake.

Chukua risha ya milimita 0.46 uipitishe kwenye nyuzi zote sita. Utasikia "chak" ya plastiki ikitangulia noti yenyewe. Risha inapinda na kuuachia uzi kabla haujasukumwa vya kutosha, kwa hiyo besi inapungua na sauti za juu zinatawala. Sasa shika ya milimita 1.5. Hiyo haipindi, sauti inatoka nzito, imejaa.

Ncha nayo ina neno lake, na wengi tunaisahau. Geuza risha hiyohiyo upigie bega lake la mviringo: ukali unashuka papo hapo, wala hujagusa amplifaya.

Wapiga udi wa taarabu wanayajua haya. Hata neno risha lenyewe ni la Kiarabu, maana yake unyoya, kwani zamani udi ulipigwa kwa unyoya wa tai.